Pikapu ya dizeli inasumbua kuwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wakiona dizeli inazungushwa tu bila kuwaka wanakimbilia kusema pampu imekufa au nozeli (vile vipulizia dizeli, kwenye gari za kisasa huitwa injekta) zimekwisha, basi pampu inashushwa, inapelekwa kupimwa, hela inatoka, inarudishwa na gari iko vilevile, kumbe shida ilikuwa waya wa betri au kiringi cha mpira kwenye filta. Inauma sana kuona mtu anapoteza hela namna hiyo wakati vipimo vingi vya mwanzo unaweza kufanya mwenyewe na mita ya kawaida na kipande cha hozi. Ukisoma anza na swali la kwanza, mengine yanategemea majibu yako pale.

Gari yangu inawaka kwa shida, nianzie wapi?

Anzia kwenye kutazama na kusikiliza, spana baadaye. Dizeli haina plagi za moto kama petroli, inawaka kwa sababu hewa inabanwa ndani ya silinda mara 15 hadi 22 hivi ya ujazo wake mpaka inapata moto mkali, halafu dizeli inapulizwa ndani ya hiyo hewa na inajiwasha yenyewe, na dizeli inaanza kujiwasha kwenye nyuzi zaidi kidogo ya 200 za Selsiasi. Kwa hiyo injini inataka mambo manne tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, hewa ibanwe vizuri bila kuvuja, kukiwa na baridi hita plagi (vijiti vya umeme vinavyopasha ndani ya silinda) ziongeze joto, na dizeli safi isiyo na hewa ifike kwa wakati wake. Moja likikosekana gari inagoma au inasumbua.

Sasa kabla hujagusa chochote jibu haya. Inasumbua lini, asubuhi ikiwa baridi, au ikiwa imeshapata moto, au muda wote? Stata inazungusha kwa kasi ile uliyoizoea au inavuta kwa uchovu? Na wakati wa kupiga stata, ekzosi inatoa moshi au haitoi kitu, na kama unatoka ni wa rangi gani? Mtafute mtu asimame nyuma aangalie wewe ukipiga stata. Ukiwa na majibu haya matatu umeshapunguza kazi zaidi ya nusu, na nasema hivyo kwa sababu karibu kila ugonjwa wa kuwaka una saa yake na moshi wake.

Moshi unaniambia nini hasa?

Unasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Kama stata inazungusha vizuri na ekzosi haitoi moshi kabisa, dizeli haifiki ndani ya silinda, basi achana na hita plagi na kompresheni (ule mbano wa hewa) kwanza, fuata mafuta. Kama unatoka moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu kali ya dizeli inayochoma macho, hapo dizeli inafika ila haiwaki, inatoka ikiwa mvuke, kwa hiyo tafuta kwenye joto: hita plagi, kompresheni, kasi ya stata, au taiming (wakati wa dizeli kupulizwa) iliyosogea.

Moshi mweusi wakati wa kuwaka maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, angalia filta ya hewa, angalia hozi ya hewa isiwe imejikunja au panya wamejenga ndani (hutokea kwenye gari iliyokaa), na kwenye gari za kisasa angalia valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini) isiwe imenata ikiwa wazi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi au sili za valvu zimechoka. Moshi mweupe wenye harufu tamutamu, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovuja, huo ni wa kukutia wasiwasi, kuna swali lake chini.

Stata inazungusha lakini taratibu. Si itawaka tu mwishowe?

Inaweza kuwaka, ila unaua stata na betri. Dizeli inataka kasi, hewa ikibanwa taratibu joto lake linapotelea kwenye kuta za silinda na nyingine inavujia kwenye ringi, kwa hiyo hata kama kila kitu kingine ni kizima inaweza isiwake. Injini nyingi zinahitaji mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika ndiyo ziwake bila kubembelezwa. Kwenye gari za kisasa ni zaidi ya hapo, kompyuta yenyewe ikiona mzunguko ni wa chini inaweza isitoe ruhusa ya injekta kupuliza.

Sababu za stata nzito ni betri iliyochoka, nyaya na terminali mbovu, stata yenyewe, au oili nzito isiyofaa kwa baridi. Hii ya oili watu wanaisahau, mtu anaweka oili nzito ya 20W-50 kwenye gari ambayo kitabu chake kinataka 5W-30, kukiwa na baridi asubuhi anashangaa stata inalia kama mgonjwa. Na jambo moja la kushika: usipige stata zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mkupuo, ipumzishe kama dakika moja ndiyo urudie, maana inapata moto haraka sana ndani.

Nimepima betri inasoma volti 12.6, kwa hiyo betri ni nzima?

Hapana, bado hujajua. 12.6 inaonyesha betri imejaa chaji, haionyeshi kama ina nguvu ya kutoa ikidaiwa. Acha mita kwenye betri, mwambie mtu apige stata, angalia namba inashuka mpaka wapi. Ikibaki juu ya 9.6 hivi betri inajitahidi. Ikianguka mpaka 8 au 7 na stata ikinyong'onyea, betri imechoka, au stata inakula umeme kupita kiasi. Ila betri iwe imechajiwa kwanza ndiyo uipime, kupima betri iliyokuwa na 12.2 ni kujidanganya kwa sababu hapo ni kama nusu tu ya chaji.

Sasa hiki kipimo kinachofuata ndicho kinachookoa watu wengi na mafundi wengi hawakifanyi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri, nguzo yenyewe kabisa, usiweke kwenye kibano, ncha nyingine weka kwenye nati kubwa ya stata, halafu stata ipigwe. Mita isome chini ya nusu volti. Ikisoma volti moja au zaidi, umeme unapotelea njiani. Fanya hivyohivyo upande wa athi, ncha moja kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye chuma cha injini, hapo isizidi kama 0.3.

Waya wa betri unaweza kuwa mzuri kabisa kwa nje, mweusi, hauna mchubuko, ukichana plastiki karibu na kibano unakuta shaba imegeuka unga wa kijani na nyuzi zilizobaki ni chache. Umeme wa taa na redio unapita vizuri tu hapo, wa stata haupiti. Waya wa athi kutoka injini kwenda chesisi nao fungua, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kaza tena. Kazi ya dakika chache.

Nikigeuza ufunguo inasema "tak" moja tu, au tak tak tak, haizungushi.

Tak tak tak ya haraka mara nyingi ni betri iliyoisha au terminali iliyolegea. Tak moja nzito na kimya, huku taa za dashibodi hazififii sana, mara nyingi ni kontakti za shaba ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya umeme) ya stata zimelika upande mmoja, ndiyo maana leo inakubali kesho inakataa. Kwa stata nyingi kontakti hizo zinauzwa peke yake, kwa hiyo kabla hujakubali kununua stata nzima uliza kama ya kwako inafunguliwa.

Asubuhi ya baridi inasumbua, ikishawaka siku nzima haina shida. Ni nini?

Kama stata ni ya kasi na kuna moshi mweupe, mshukiwa wa kwanza ni hita plagi. Dalili yake nyingine ni kwamba ikiwaka inatetemeka, inakosa silinda moja au mbili, inatoa moshi mweupe, halafu baada ya muda mfupi inatulia kabisa. Silinda ambazo hita yake imekufa zinachelewa kupata moto, zikishapata zinaungana na wenzake.

Kupima ni rahisi. Toa lile bapa la chuma linaloziunganisha, pima kila hita kwa mita upande wa omu, kutoka kwenye kichwa cha hita mpaka chuma cha injini. Hita nzima husoma kidogo sana, mara nyingi chini ya omu 2. Ikisoma hakuna mawasiliano kabisa, imekufa. Huna mita? Taa ya majaribio inatosha kwa hizi hita za zamani, bana upande mmoja kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha hita, taa ikiwaka hita ina njia.

Angalizo kwenye gari mpya: hita nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa volti ndogo kuliko 12 na kompyuta ndiyo inazipa umeme kwa vipimo, ukizipa 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri unaziunguza hapohapo. Hizo pima omu tu. Na kuzifungua usitumie nguvu, weka mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, fungua injini ikiwa na uvuguvugu, maana ikikatikia ndani ya silinda hedi umeongeza tatizo kubwa kuliko ulilokuwa nalo.

Taa ya koili (ya hita plagi) kwenye dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida. Si maana yake hita zinafanya kazi?

Kwenye gari nyingi za zamani taa ile inaendeshwa na taima tu, inahesabu muda inazima, hita zote zinaweza kuwa zimekufa na taa ikaendelea kukuaga kila asubuhi. Cha kuamini ni mita. Weka kwenye bapa la hita, fungua ufunguo, kwenye mfumo wa zamani unatakiwa uone karibu volti zote za betri. Ukiona sifuri, usizilaumu hita kwanza, nenda kwenye rilei yake, fyuzi yake kubwa, na sensa ya joto la maji. Hii sensa ikidanganya kwamba injini ina moto wakati ina baridi, kompyuta inaona hakuna haja ya kuwasha hita, na unaweza kubadilisha hita zote nne bure.

Inawaka sekunde chache inazima, halafu inanisumbua sana kuwaka tena. Au nikipampu pampu ya mkono ndiyo inawaka.

Hiyo ni hewa kwenye dizeli, na kwa maoni yangu ndilo tatizo linalosingiziwa pampu kuliko yote. Usiku gari ikiwa imelala dizeli inarudi kwenye tanki kwa sababu hewa imepata mlango wa kuingia, asubuhi inawaka kwa ile dizeli kidogo iliyobaki ndani ya pampu, inafika kwenye hewa, inazima.

Kuna jaribio la bure kabisa. Usiku paki ikiwa imetazama chini ya mteremko, pua chini na tanki juu. Asubuhi ikiwaka mara moja, halafu usiku mwingine ukipaki imetazama juu ikasumbua, hewa inaingia upande wa kutoka tanki kuja kwenye pampu na hakuna haja ya kubishana na mtu. Funga breki ya mkono na weka jiwe kwenye tairi, tafadhali.

Hewa inaingiaje wakati hakuna dizeli inayovuja nje?

Upande wa kuvuta hauna presha ya kusukuma dizeli nje, unanyonya. Ufa mdogo ambao hauwezi kutoa tone moja unaweza kunyonya hewa. Ndiyo maana injini inaweza kuwa kavu kabisa kwa nje na bado ndani kuna mapovu.

Toa hozi ya mpira inayoingia kwenye pampu, weka kipande cha hozi inayoonyesha ndani ambayo haiharibiwi na dizeli, bana klipu vizuri, washa gari. Dizeli ikiwa nzima hozi inaonekana kama haina kitu kinachotembea, imetulia kabisa. Hewa ikiwepo utaona vipovu vidogo vinapita kimoja kimoja, au mkufu wa mapovu ukipiga resi. Povu moja moja mwanzoni baada ya kufungua hozi ni kawaida, yakiendelea baada ya dakika kadhaa umempata. Weka hozi nyingine kama hiyo kati ya tanki na filta, ukiona mapovu kabla ya filta tatizo ni hozi au paipu za chini, yakianza baada ya filta basi ni filta yenyewe au kichwa chake.

Sehemu zinazopenda kuingiza hewa ni kiringi cha mpira cha filta, pampu ya mkono iliyo juu ya filta ambayo mpira wake wa ndani umekauka, sensa ya maji iliyofungwa chini ya filta, hozi zilizokauka zenye nyufa pale klipu inapobana, paipu za chuma zilizoliwa kutu pale zinaposhikwa na klipu kwenye chesisi, na hozi ndogo za riteni (zinazorudisha dizeli iliyozidi) juu ya nozeli. Hizi za riteni zikipasuka nazo zinaruhusu dizeli kushuka usiku, na kuzibadilisha zote ni kazi nyepesi, badilisha tu zikiwa ngumu kama kijiti.

Nimeangalia hozi zote sijapata kitu. Nitajuaje kama kweli si pampu?

Mpe pampu dizeli ambayo huna shaka nayo. Chukua dumu safi, weka dizeli safi, lining'inize juu kuliko pampu, peleka hozi moja kutoka dumu mpaka kwenye mdomo wa kuingizia wa pampu, na hozi ya riteni irudi kwenye dumu hilohilo. Toa hewa, washa, acha hivyo usiku kucha. Asubuhi ikiwaka kwa stata ya kwanza, pampu yako haina hatia, tatizo liko kati ya tanki na pampu. Ikisumbua vilevile na dumu liko juu, sasa ndiyo una haki ya kuanza kuishuku pampu au nozeli. Mtu akitaka kukushushia pampu muombe kwanza afanye hili jaribio. Dumu lisikae karibu na ekzosi wala betri.

Nimebadilisha filta ya dizeli na sasa haiwaki kabisa.

Hewa. Filta mpya huwa tupu. Pampu ile pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kama kuna skrubu ya kutolea hewa juu ya filta ilegeze, pampu mpaka dizeli itoke bila povu, kaza huku umebonyeza. Kagua kama kiringi cha zamani kimebaki kimenata kwenye kichwa cha filta na cha kwako kipya kimekaa juu yake, hii inatokea mara nyingi na hakiwezi kuziba kamwe.

Kwenye injini za zamani zenye pampu ya mekanika, ikikataa bado, legeza nati za paipu za nozeli kidogo, piga stata mpaka dizeli itoke kwenye kila moja, kaza. Usifanye hivyo kwenye komon reli, ule mfumo wa kisasa ambao pampu inajaza dizeli ya presha kwenye bomba moja (reli) linalolisha injekta zote. Presha yake ikiwaka inaanzia mamia ya bar na kwenye nyingi inapita 1,600, dizeli inayotoka pale inatoboa ngozi kama sindano. Ikikuingia mkononi, hata kama tundu ni dogo na haliumi sana, nenda hospitali saa hiyohiyo uwaambie ni dizeli ya presha, usisubiri kesho, kwa sababu inaoza ndani na watu wamepoteza vidole na mikono kwa hili.

Asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto nikizima haitaki kuwaka mpaka ipoe.

Hii ni kinyume na ile ya hita, hivyo usiguse hita. Kwenye pampu za mzunguko za zamani sababu kubwa ni pampu kuchakaa ndani. Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi, inavuja pembeni ya vyuma vilivyolika, na kwa kasi ndogo ya stata presha haitoshi kufungua nozeli. Ikishawaka pampu inazunguka haraka na uvujaji hauonekani tena, ndiyo maana barabarani gari ina nguvu zake. Jaribio lake: ikigoma ikiwa na moto, funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri dakika kadhaa, piga stata. Ikiwaka, pampu imejieleza. Usimwage ndoo ya maji baridi juu ya chuma cha moto kinaweza kupasuka.

Kwenye komon reli ni injekta zinazovujisha kwenye riteni, au ile valvu inayopima dizeli ya kuingia kwenye pampu ya presha imeanza kunata, au sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Ya sensa utaijua kwa skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), wakati wa stata mzunguko unasoma sifuri huku injini inazunguka. Na stata yenyewe ikipata joto huwa nzito, kwa hiyo sikiliza kasi yake pia kabla ya kuhukumu.

Gari yangu ni komon reli. Vipimo vinabadilika?

Betri, nyaya, hita, hewa na filta ni vilevile, anza navyo. Tofauti ni kwamba kompyuta hairuhusu injekta kufunguka mpaka presha kwenye reli ifike kiwango fulani, mara nyingi karibu bar 200, inategemea mfumo. Kwa hiyo skana inayoonyesha data mubashara ni kifaa cha lazima hapa. Piga stata huku unaangalia mzunguko wa injini, presha inayotakiwa na presha iliyopo. Mzunguko upo na presha inabaki bar 60 au 80, dizeli ama haiingii ama inavuja. Presha ipo ya kutosha na haiwaki, angalia sensa za krenki na kamshafti kama zimekubaliana, imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka), halafu kompresheni.

Kujua kama inavujia kwenye injekta, toa hozi za riteni, kila injekta ipe hozi yake na chupa yake, chupa ziwe sawa, washa au piga stata kwa muda uleule. Injekta ikijaza chupa wakati wenzake wana vidole viwili tu, hiyo ndiyo inayokula presha. Fanya hili kabla hujauziwa seti nzima.

Skana imetoa kodi (namba ya hitilafu). Si ninunue kilichoandikwa?

Kodi inakuelekeza mtaa, nyumba unatafuta mwenyewe. P0335 ni njia ya sensa ya krenki, njia, maana yake sensa au waya au plagi yake au hata chembe za chuma zilizonata kwenye ncha. P0340 ni ya kamshafti. P0087 presha ya reli iko chini, na hiyo inaweza kuwa filta iliyoziba tu. P0380 ni njia ya umeme ya hita plagi. Ikikosekana kodi yoyote usidhani injini ni nzima, kompyuta haioni kompresheni iliyochoka na haioni waya wa athi wenye kutu.

Nitajuaje kama ni kompresheni?

Kompresheni iliyochoka haiji ghafla, gari imekuwa ikisumbua zaidi na zaidi miezi mingi, inakula oili, ukifungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma inapumua moshi kwa nguvu. Kipimo kinataka geji ya dizeli, ya petroli haifai inapasuka. Injini nyingi za zamani zikiwa nzima husoma kati ya bar 25 na 35, zikishuka chini ya 20 kuwaka kwa baridi kunakuwa shida, ila kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi. Tofauti kati ya silinda na silinda nayo ni muhimu, moja ikiwa chini sana kuliko wenzake hapo kuna valvu, ringi au gasketi. Kabla ya kukubali kufungua injini hakikisha klirensi (ile nafasi ndogo inayoachwa) ya valvu imepimwa, valvu iliyobana kupita kiasi haifungi vizuri na inaiga kabisa ringi mbovu.

Kama stata ghafla inazungusha kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, bila ule mdundo wa kubana, simama. Mkanda wa taiming unaweza kuwa umekatika au umeruka, kila ukizungusha valvu zinaweza kuwa zinagonga pistoni.

Stata inaanza kuzunguka inagonga kitu inasimama palepale. Nilazimishe?

Usilazimishe hata kidogo. Kama injini imekuwa ikipunguza maji ya rejeta, au ina ule moshi mweupe mtamu, au gari imepita kwenye maji mengi, kuna uwezekano maji yameingia juu ya pistoni, na maji hayabaniki, kitakachopinda ni konrodi (mkono unaoshika pistoni). Toa hita plagi zote au injekta, kaa mbali na matundu, zungusha. Maji yakiruka kwenye tundu moja umeipata silinda, na gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ndiyo inafuata kukaguliwa.

Naweza kupuliza ile spreyi ya kuwashia?

Kama injini ina hita plagi au hita ya hewa, usipulize. Spreyi nyingi zina etha, inalipuka ikikutana na hita yenye moto, inaweza kulipukia kwenye manifoldi na usoni kwako, na ndani inawaka mapema sana pistoni ikiwa bado inapanda, inavunja ringi na kingo za pistoni. Wapo wanaoizoea mpaka gari haiwaki bila hiyo, huku kompresheni inazidi kwenda.

Kuisukuma je?

Ya gia za mkono, injini ya zamani, kwa dharura sawa, gia ya pili au ya tatu. Otomatiki hapana. Yenye mkanda wa taiming uliochoka hapana, na kama unashuku maji ndani ya silinda hapana kabisa.

Dizeli yenyewe inaweza kuwa tatizo?

Sana. Fungua kile kiskrubu chini ya filta, mwaga kidogo kwenye chupa safi, acha itulie. Maji yatakaa chini na utaona mstari, uchafu utauona, na ikinuka petroli usipige stata tena, tanki litolewe lote kwanza. Kwenye baridi kali dizeli huganda nta inayoziba filta, gari inawaka na kuzima baada ya muda mfupi, hapo dawa ni dizeli ya msimu wa baridi na filta mpya.

Nimefunga injekta mpya, inawaka ila inatetemeka na bado ni ngumu kuwaka.

Injekta nyingi za komon reli zina namba iliyochongwa juu yake, hiyo namba inatakiwa iingizwe kwenye kompyuta kwa skana, kila injekta na silinda yake. Kama hazikuingizwa, kompyuta inapuliza kwa vipimo vya zile za zamani. Angalia pia washa (ringi bapa) za shaba chini ya injekta ziwe mpya, na rudia kile kipimo cha chupa za riteni, injekta kuwa mpya hakumaanishi ni nzima.